Mkono na Barabara: Usukani wa Umeme katika Motokaa za Fahari

Somo la redio kwa watu wazima. Hotuba imepigwa chapa kama ilivyosomwa, pamoja na maswali yake.

Katika somo lililopita tulizungumza juu ya breki, tukaona jinsi mguu mmoja wa mwanadamu uwezavyo kusimamisha gari la tani mbili. Leo twapanda kutoka miguuni hadi mikononi. Nataka tuzungumze juu ya usukani, na hasa usukani unaosaidiwa na umeme, kama ulivyo katika motokaa za fahari za siku hizi.

Swali letu la leo ni moja. Dereva aliyezoea gari la zamani, akipanda motokaa mpya ya bei kubwa, mara nyingi husema: "Usukani huu ni mwepesi, lakini hauniambii kitu." Je, hayo ni manung'uniko ya mtu aliyezoea mambo ya kale tu, au yana jambo la maana kwa roho yake na roho za abiria wake?

Wala usidhani kwamba somo hili ni la matajiri peke yao. Usukani wa umeme umo pia katika gari dogo kama Toyota Vitz, linaloletwa kwetu kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, na wewe utakayeyasoma maneno haya kijitabuni, yafaa ulijue jambo hili hata kama gari la fahari hutalimiliki kamwe.

HISIA YA USUKANI NI NINI?

Neno usukani halikuanza barabarani. Limetoka chomboni. Mshika usukani wa jahazi huishika kana mkononi, na kwa kana ile hupata habari mbili kwa wakati mmoja. Kwanza yeye hukiamuru chombo kigeuke. Pili, maji nayo humjibu. Mkondo ukiwa na nguvu, kana humsukuma. Chombo kikipoteza mwendo, kana hulegea. Baharia mzoefu huyajua hayo hata usiku wa giza, kwa kiganja chake tu.

Au mfikirie kipofu na fimbo yake. Fimbo haina macho wala masikio, walakini yeye huisoma njia kwa fimbo: hapa pana jiwe, hapa pana mchanga, hapa pana shimo. Sasa ifunge fimbo ile kwa matambara mazito, kuanzia juu hata chini. Bado itamfaa kwa kujiegemeza, lakini habari za njia hazitamfikia tena.

Basi hisia ya usukani ndiyo hiyo: ni habari zinazopanda kutoka kwenye tairi mpaka mkononi mwa dereva. Na hapa lazima tutenganishe mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya, yaani uzito na hisia. Usukani waweza kuwa mzito na usiwe na habari yo yote. Waweza pia kuwa mwepesi na ukakueleza mengi. Likumbuke neno hilo, maana tutalirudia.

BARABARA HUSEMA KWA NJIA GANI?

Itazame baiskeli. Uma wake wa mbele umelala kidogo, wala haukusimama wima. Kama ukiuvuta mstari kutoka kwenye usukani kufuata uma mpaka chini, mstari ule utagusa ardhi mbele kidogo ya pale tairi inapogusa. Kwa sababu hiyo tairi hufuata nyuma ya mstari wake, kama mbuzi afuatavyo kamba. Ukiupotosha usukani kidogo na kuuachia, gurudumu hutaka kurudi katikati lenyewe. Mafundi wa motokaa nao hulaza mihimili ya magurudumu ya mbele kwa shabaha iyo hiyo.

Jambo la pili limo ndani ya mpira wa tairi. Gari linapokata kona, sehemu ya tairi inayogusa lami husokoteka. Nguvu ya kushika barabara haikai katikati kabisa ya sehemu ile, bali hukaa nyuma kidogo, na kwa hiyo hulivuta gurudumu lirudi kwenye mstari ulionyoka. Mvuto huo ndio unaousikia mkononi kama uzito unaoongezeka kadiri unavyozidi kukata kona.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hiki ndicho kiini cha somo. Tairi inapokaribia mwisho wa uwezo wake wa kushika, sehemu ya nyuma ya pale inapogusa huanza kuteleza kwanza. Hapo kitovu cha nguvu husogea mbele, na ule mvuto wa kurudisha gurudumu hupungua. Hupungua kabla tairi haijaacha kushika kabisa. Maana yake ni kwamba, katika usukani wenye hisia, mkono wa dereva hulegea ghafula kabla gari halijateleza. Lami inakuambia: "Ndugu, punguza mwendo, nakaribia kukuachia." Mvua ya kwanza inaponyesha juu ya lami yenye vumbi na oili, onyo hilo laweza kuwa tofauti ya kufika nyumbani na kutofika.

Hiyo ndiyo sababu jambo hili si anasa tu. Dereva asiyesikia onyo lile mkononi hana budi kulipata kwa njia nyingine.

MSAADA WA OILI

Magari ya kwanza hayakuwa na msaada wo wote. Dereva aligeuza magurudumu kwa misuli yake. Magari yalipozidi kuwa mazito na tairi kuwa pana, kazi hiyo ikawashinda wengi. Ukitaka kuyageuza magurudumu ya gari kubwa lililosimama, reki inayoyasukuma yaweza kuhitaji nguvu sawa na uzito wa kilo 1,000 na zaidi.

Mhandisi Mmarekani, Francis W. Davis, alitengeneza msaada wa oili katika miaka ya 1920. Lakini motokaa ya abiria iliyouzwa kwanza na msaada huo ilikuwa Chrysler Imperial ya mwaka 1951. Mafundi wetu huuita "pawa". Pampu inazungushwa na mkanda wa injini, oili inasukumwa kwa nguvu, na dereva akigeuza usukani, vali hufunguka na oili huisukuma reki upande anaoutaka.

Usukani wa oili ulikuwa na faida moja ambayo wengi hawakuitambua mpaka ulipoanza kuondoka. Oili ni kitu kimiminika, nayo hupokea msukumo kutoka pande zote mbili. Dereva akisukuma, husukuma. Tairi ikisukuma, habari zake hupita humo humo hata zikafika mkononi.

Hata hivyo tusiseme kwamba kila usukani wa zamani ulikuwa na hisia. Motokaa kubwa za Marekani za miaka ya 1950 na 1960 zilisifika kwa usukani uliogeuzwa kwa kidole kimoja, nao haukumweleza dereva karibu kitu. Na huko Ufaransa mwaka 1970 ilitoka Citroën SM. Usukani wake ulirudishwa katikati na nguvu ya oili yenyewe, na ulizidi kukaza kadiri gari lilivyokwenda mbio. Wahandisi wake waliamua kwa makusudi kwamba mashimo na mitikisiko isiufikie mkono wa dereva. Kwa hiyo ububu wa usukani haukuletwa na umeme. Umeme umeufanya kuwa jambo la kawaida tu.

MSAADA WA UMEME

Mwaka 1988 kampuni ya Suzuki ya Japani iliweka msaada wa umeme katika gari dogo liitwalo Cervo. Mwaka 1990 Honda nao wakautumia katika gari lao la mbio, NSX. Motokaa za fahari zilifuata baadaye: Lexus LS 460 mwaka 2006, BMW ya mfululizo wa 5 mwaka 2010, Porsche 911 mwaka 2011, na Mercedes-Benz S-Class mwaka 2013.

Kwa nini waliiacha oili? Sababu ya kwanza ni mafuta. Pampu ya oili huzungushwa na injini wakati wote, hata gari likienda moja kwa moja kwa saa nzima. Mota ya umeme hufanya kazi wakati inapohitajiwa tu, na hivyo huokoa asilimia chache za mafuta. Katika mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ulitunga sheria kwamba magari mapya, kwa wastani, yasitoe zaidi ya gramu 130 za kaboni dioksidi kwa kilometa ifikapo 2015. Kwa mtengenezaji aliyebanwa na sheria hiyo, hata asilimia moja ilikuwa ya kugombaniwa.

Sababu ya pili ni kompyuta. Usukani wenye mota waweza kuamriwa na mtambo. Ndiyo maana motokaa za siku hizi hujiegesha zenyewe, hurudi katika mstari wa barabara dereva anaposinzia, na hushindana na upepo wa ubavuni bila dereva kujua. Pampu ya oili ya kawaida haiwezi kufanya hayo.

Sasa tuangalie jinsi unavyofanya kazi. Ndani ya mhimili wa usukani umo ufito mwembamba wa chuma. Ukigeuza usukani, ufito ule husokoteka kwa digrii chache tu. Sensa hupima msokoto huo na kuipelekea kompyuta habari. Kompyuta huuliza pia gari linakwenda kwa mwendo gani. Kisha huiamuru mota isaidie kwa kiasi fulani: msaada mwingi unapoegesha, msaada kidogo unapokwenda mbio. Hesabu hiyo hufanywa mamia ya mara katika kila sekunde. Wewe huweka nguvu ya kilo moja au mbili mkononi, na kazi iliyobaki hufanywa na mota.

Katika magari madogo mota hukaa juu, karibu na mikono ya dereva, katika nguzo ya usukani. Katika motokaa kubwa za fahari mota hukaa chini, kwenye reki yenyewe. Mahali hapo pa chini ni pazuri zaidi kwa hisia, maana nguvu huingia karibu na magurudumu, wala hailazimiki kupita katika mhimili wote.

KWA NINI HABARI HUPOTEA NJIANI?

Kwanza, kwa ajili ya mota na gia zake. Mota huzunguka mara nyingi kwa kila mzunguko mmoja wa usukani. Itazame cherehani ya mguu: gurudumu lake kubwa, likiisha kushika mwendo, halishtuki kwa mguso mdogo. Mota nayo ni hivyo. Mtikisiko mdogo unaotoka kwenye tairi hauna nguvu ya kuitikisa, basi hufia humo.

Pili, kwa makusudi ya watengenezaji. Mtu anayenunua motokaa ya fahari hutaka utulivu. Hataki usukani unaomrukaruka mikononi. Wahandisi huiamuru kompyuta ichuje mitikisiko, na mara nyingi huchuja mibaya pamoja na mizuri, kama mtu apepetaye mchele kwa haraka akamwaga na chenga na mchele.

Tatu, kwa sababu uzito unaousikia umekuwa jambo la kuandikwa kwa hesabu. Katika motokaa nyingi za fahari kuna kitufe cha kuchagua: hali ya starehe, au hali ya mchezo. Ukibonyeza hali ya mchezo, usukani huwa mzito, nawe huenda ukafikiri kwamba sasa barabara inazungumza nawe. La, hasha! Likumbuke lile neno letu: uzito si hisia. Mara nyingi kitufe kile hupunguza msaada tu. Fimbo ya kipofu imefungiwa jiwe, lakini matambara bado yapo.

Haki nayo isemwe. Wahandisi wameyasikia malalamiko. Porsche 911 ilipobadilishwa mwaka 2011, wengi walioipenda walilalamika kwamba imepoteza sauti yake. Tangu hapo kazi kubwa imefanyika. Siku hizi kompyuta inaweza kukadiria nguvu inayotoka barabarani kwa kuupima umeme unaotumiwa na mota, kisha ikairudisha sehemu ya habari hiyo mkononi mwa dereva. Usukani wa umeme ulio bora leo hauko mbali na ule wa oili. Lakini McLaren ya Uingereza, ilipotoa gari lake la 750S mwaka 2023, bado ilishika msaada wa oili, kwa ajili ya hisia hiyo hiyo tuliyoizungumza.

Na safari haijaisha. Mwaka 2013 Infiniti ilitoa Q50, ambayo mkono huamuru magurudumu kwa nyaya za umeme, na mhimili wa chuma hukaa kama akiba tu, kuunganishwa wakati wa hitilafu. Mwaka 2023 Tesla ilitoa Cybertruck, ambayo mhimili huo haumo kabisa. Katika gari la namna hiyo, kila unachosikia mkononi kimetungwa na mota nyingine. Barabara haisemi nawe. Mkalimani ndiye asemaye. Mkalimani mwema ni mtu wa thamani, lakini yafaa kukumbuka kwamba ni mkalimani.

FAIDA TUSIZISAHAU

Mwanamke mjamzito, mzee mwenye maumivu ya mabega, mtu aliyeumia mkono: hao wote huweza kuendesha leo gari ambalo zamani lingewashinda. Katika barabara ya changarawe yenye makorongo, usukani wa umeme hauupigi mkono kwa ghafula kama ule wa zamani. Oili ya kuvuja haipo, mpira wa kupasuka haupo. Na gari linalomzuia dereva mchovu asiingie upande wa pili wa barabara limemfanyia kazi kubwa kuliko hisia yo yote ya kiganja.

Kwa hiyo sitakuambia kwamba ya kale yalikuwa bora. Nakuambia kwamba kilichotoka mkononi lazima kishikwe na macho, masikio na akili.

MASHAURI MATANO

La kwanza: usipime mshiko wa barabara kwa wepesi wa usukani. Mvua ikinyesha, punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Zitazame alama za maji barabarani, na yasikilize matairi.

La pili: pima upepo wa tairi kwa kipimo. Zamani tairi ya mbele ikiishiwa upepo usukani ulikuwa mzito, na dereva akashtuka. Leo mota hubeba uzito ule kimyakimya, na tairi laini yaweza kwenda mbali bila kujulikana.

La tatu: itunze betri. Mota ya usukani katika gari kubwa yaweza kuvuta ampea 80 au zaidi unapoegesha. Betri au alteneta ikiwa dhaifu, kompyuta hupunguza msaada na kuwasha taa ya onyo. Usiipuuze taa hiyo.

La nne: msaada ukikatika njiani, usifadhaike. Katika magari karibu yote mhimili wa chuma ungali umeunganisha mikono yako na magurudumu. Ushike usukani kwa mikono miwili, uvute kwa nguvu, punguza mwendo, simama pembeni mahali salama. Kamwe usizime gari likiwa linakwenda, maana usukani waweza kujifunga.

La tano: unaponunua gari lililotumika, lijaribu mahali pa wazi kwa mwendo mdogo. Kata kona, kisha legeza mikono kidogo, uone kama usukani unarudi katikati wenyewe na sawasawa pande zote mbili. Na fundi akiisha kurekebisha magurudumu ya mbele, muulize kama sensa ya usukani imewekwa sawa kwa kompyuta. Magari mengi huhitaji hivyo, na fundi asiye na mtambo wa kupimia hawezi kuifanya kazi hiyo kwa kukisia.

Basi, ndugu wasikilizaji, tumeuliza kama manung'uniko ya yule dereva yana maana. Jibu ni kwamba yana maana. Alichokikosa si uzito, bali ni habari, na habari hiyo ilikuwa ikimlinda. Lakini hawezi kuidai kwa gari peke yake. Amepewa mkono ulio huru na uchovu. Sasa anadaiwa macho yaliyo wazi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Eleza kwa maneno yako tofauti ya uzito na hisia ya usukani.

2. Kwa nini usukani hulegea kabla tairi haijateleza kabisa?

3. Taja sababu mbili zilizowafanya watengenezaji waache msaada wa oili.

4. Katika kikundi chenu, mwulizeni dereva mmoja aliyeendesha magari ya zamani na ya sasa. Yeye hutumia alama gani kujua kwamba barabara inateleza? Ziandikeni.

Katika somo lijalo tutazungumza juu ya tairi zenyewe: namba zilizoandikwa ubavuni mwake, umri wake, na jinsi ya kujua kwamba zimechoka. Mpaka hapo, nawatakieni safari njema. Kwaherini.